Mpanda ngazi hushuka: puli nyepesi si dawa ya mlima wa Bugarama

WIKI mbili zilizopita alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Bujumbura, kabeba kitu kilichofungwa ndani ya gazeti kama mkate. Alipokifungua nikaona puli ya alumini, inang'aa kama sufuria mpya. Akaniambia kuwa muuzaji mmoja wa spea amemwachia akae nayo mpaka Ijumaa. Akiitaka alipe, asipoitaka airudishe.

"Mzee," akaniuliza, "nifunge au nisifunge?"

Kijana huyu alirejea kutoka kambi ya Nduta, kule Kibondo, Tanzania. Mtaji wote wa familia wameuweka kwenye Toyota Estima moja ya zamani, ile yenye umbo la yai. Gari hilo ndilo linalolisha nyumba ya watu tisa. Hupanda nalo kwenda Kayanza na Ngozi akipeleka dagaa, mawese na sabuni, kisha hushuka na viazi, kabichi na maharage. Mara moja moja hufika mpaka Kobero, mpakani na Tanzania.

Malalamiko yake ni yale yale ya kila anayetoka mjini kwa barabara ya kitaifa namba 1. Gari likiwa bondeni ni mbio, likianza kupanda Bugarama linakohoa. Malori yanampita, abiria wananuna, mafuta yanakwisha. Akaambiwa kwamba dawa ni puli: ndogo, nyepesi, ya alumini. Akifunga hiyo, Bugarama itakuwa tambarare.

Nilimwomba siku mbili nifikiri. Jibu nililompa naliandika hapa, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani na ndugu zetu waliorejea wengi wanategemea magari ya umri ule ule, barabara ile ile na mifuko ile ile iliyotoboka.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Injini haili mafuta peke yake, inakula mafuta na hewa. Ukitaka nguvu zaidi, ingiza hewa zaidi, kisha mafuta yafuate. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Turbo nayo ni pampu ya hewa, ila yenyewe inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Malori na magari mengi ya dizeli tunayoyaona yana turbo. Yenye supachaja ni machache, na Estima za petroli za miaka ya 1990 ni mojawapo. Toleo lake lililouzwa Marekani kwa jina la Previa lilikuwa na nguvu za farasi 138 bila supachaja, na 158 likiwa nayo. Hizo 20 za ziada ndizo kijana wetu alizonunulia gari hilo.

Sasa puli. Kasi ya supachaja inategemea ukubwa wa puli mbili: ile ya injini inayovuta mkanda, na ile ya supachaja inayovutwa. Chukua mfano wa hesabu tu. Puli ya injini ikiwa na kipenyo cha milimita 150 na ya supachaja milimita 75, supachaja itazunguka mara mbili kila injini inapozunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, supachaja iko kwenye 8,000. Badilisha ile ya 75 uweke ya 68, na supachaja inapanda kupita 8,800. Hewa inaongezeka, nguvu inaongezeka. Huo si uongo.

Na kwa sisi wa Bujumbura ipo sababu ya haki ya kuitamani. Mji wetu uko ufukweni mwa Tanganyika, kiasi cha mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama, umbali wa kilomita 35 hivi tu, iko juu ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, na kwa hesabu ya kawaida ya mafundi injini isiyosaidiwa hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hata yenye supachaja haiponi, maana pampu ile ile inavuta hewa iliyopungua. Kwa hiyo gari lililotoka sokoni Ruvumera likiwa shujaa hufika Bugarama limepungukiwa.

Wazo la kurudisha hewa iliyopotea si la wahuni wa mbio za magari. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, Marekani, zaidi ya mita 4,000, ili aonyeshe kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu zinazoibwa na mwinuko. Akafaulu. Basi anayesema kwamba kuongeza hewa kunasaidia mlimani hadanganyi.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Turbo iliyotengenezwa vizuri ina mlango mdogo wa kupunguza shinikizo linapozidi. Puli haina mlango. Puli ni chuma kilichofungwa kwa bolti. Haijui mlima ulipo wala bonde lilipo. Ukichagua puli ya kukufaa Bugarama, puli hiyo hiyo utaenda nayo Gatumba, utaenda nayo Rumonge, utakaa nayo kwenye msongamano wa mjini saa saba mchana jua la Imbo likichoma. Kule chini hewa ni nzito zaidi, na shinikizo ulilolitafuta kwa ajili ya mlima linazidi kipimo. Hewa iliyoshindiliwa huwa ya moto. Hewa ya moto, shinikizo kubwa na petroli hafifu vikikutana, injini huanza kugonga: mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama ngoma. Mgongo huo ukiendelea, gasketi ya hedi inaungua au pistoni inatoboka.

Nimesema petroli hafifu, na hapo sihitaji kumweleza mtu. Mwaka 2024 wengi wetu tulilala kwenye foleni za mafuta mjini hapa. Wengine walivuka mpaka kwenda Uvira kutafuta bidoni moja. Petroli ya bidoni umeipokea kwa mtu ambaye naye kaipokea kwa mtu. Huenda ni safi, huenda imechanganywa na mafuta ya taa, huenda ina maji. Injini kama ilivyotoka kiwandani inaweza kuivumilia siku moja mbili. Injini uliyoipandishia shinikizo haina uvumilivu huo. Na kwa kuwa hewa ya ziada inadai mafuta ya ziada, kila unapokanyaga unakunywa zaidi, katika nchi ambayo lita moja imewahi kutukesha usiku kucha.

Tuje kwenye sifa ya pili ya puli hii, wepesi. Muuzaji alimwambia kijana kwamba alumini ni nyepesi na kwa hiyo gari "litapumua". Alumini kweli ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Na kitu kinachozunguka kikiwa chepesi, injini hukichangamsha haraka zaidi. Ndiyo maana wanaoshindana mbio hupunguza uzito wa kila kinachozunguka.

Lakini faida hiyo unaipata wakati gari linabadili mwendo tu, yaani unapotoka kwenye taa au unapokanyaga ghafla. Ukishashika mwendo mmoja, puli nzito na puli nyepesi ni mamoja. Kinachobaki ni msuguano, na huo haupungui kwa sababu ya alumini. Na mtu anayepanda Bugarama na mzigo anapanda kwa mwendo mmoja wa taratibu, gia ya pili au ya tatu, kona baada ya kona. Amepunguza kilo moja au mbili kwenye puli, kisha nyuma kapakia gunia moja la ziada kwa sababu ameambiwa gari sasa lina nguvu. Kilo moja dhidi ya gunia! Mlima haudanganyiki.

Tena kuna puli ambayo haifai kuguswa kabla hujajua ina nini ndani. Kwenye injini nyingi, puli kubwa ya kranki, ule mhimili mkuu wa injini, si kipande kimoja. Ni vipande viwili vyenye pete ya mpira katikati. Mpira ule haukuwekwa kwa urembo. Kila silinda inapowaka, kranki hujipinda kidogo na kujirudisha, na mpira unameza mtikisiko huo. Ukiondoa puli hiyo ukaweka ya alumini kipande kimoja, mtikisiko hauna pa kwenda. Unarudi kwenye kranki, kwenye beringi, kwenye pampu ya oili. Hauvunji leo wala kesho. Unavunja mwezi wa saba, nawe umeshasahau ulibadilisha nini. Wenye injini ndefu za silinda sita kwa mstari, kama zile za Land Cruiser za dizeli, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kranki ndefu hujipinda zaidi.

Nalisema hili kwa sababu kwenye Toyota kadhaa za zamani zenye supachaja, puli ya supachaja imeungana na klachi ya sumaku, haibadilishwi kirahisi. Hapo njia ya mkato huwa ni kuiacha hiyo na kuweka puli kubwa zaidi kwenye kranki. Hesabu inatoka vile vile, ila sasa kila kitu kinachovutwa na puli hiyo kinazunguka kwa kasi zaidi, takiwe kisitakiwe. Na ule mpira wa kumeza mtikisiko umetupwa.

Mkanda nao una maneno yake. Puli ya supachaja ikiwa ndogo, mkanda unaikumbatia eneo dogo zaidi, kwa hiyo unateleza. Fundi akiukaza usiteleze, beringi za supachaja zinavutwa upande. Ongeza vumbi la barabara zetu kiangazi: chembe za mchanga zikiingia kati ya mkanda na alumini isiyokuwa na ngozi ngumu, mifereji ya puli inalika. Puli inayong'aa mezani kwangu leo haitakuwa hivyo baada ya msimu mmoja wa Muyinga. Nayo ikifa huipati dukani Buyenzi. Mafundi wa Buyenzi nawavulia kofia, wanafufua magari ambayo wenye viwanda wameshayasahau. Lakini hata wao hawawezi kuchonga beringi ya supachaja kwa tupa.

Mimi mwenyewe sihubiri kutoka juu ya mti. Nilipokuwa na basi dogo la dizeli lenye turbo, fundi mmoja alinishawishi "tulifungue", yaani aikaze pampu imwage dizeli zaidi na aibane turbo isukume zaidi. Kwa majuma matatu nilijiona mfalme. Nilikuwa nayapita malori Bugarama huku nikipiga honi. Juma la nne, jioni, nikiwa na abiria kumi na moja na masanduku ya mukeke wabichi, sindano ya joto ikapanda, moshi mweupe ukafunga barabara, gari likazima kwenye kona. Gasketi imeungua, hedi imepinda. Abiria wakashuka na nauli zao. Samaki hawangoji fundi; kufika asubuhi nilikuwa nawagawa bure kwa wapita njia. Faida ya majuma matatu sikuiona hata senti, na gari lilikaa juu ya mawe miezi miwili.

Lakini hasara hiyo ilikuwa ya pesa. Ipo hasara nyingine ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Ndugu msomaji, hebu tazama biashara yetu inavyokwenda. Kutoka mjini tunapanda na nini? Dagaa wakavu, sabuni, mawese. Kutoka juu tunashuka na nini? Viazi, kabichi, maharage, ndizi. Mzigo mzito ni wa kushuka. Nguvu zote tunazozitafuta kwa puli, kwa turbo, kwa pampu, zinatusaidia kwenye nusu ya safari ambayo gari ni jepesi. Kwenye ile nusu ambayo gari ni zito, kilomita 35 za mteremko na kona, puli haishiki chochote. Kinachoshika ni breki na gia.

Gari likipanda bila nguvu, ubaya wake ni kuchelewa. Gari likishuka bila breki, ubaya wake ni maiti. Sote tunawajua waendesha baiskeli wa njia ile, wanaoshuka na mikungu ya ndizi kama risasi na kupanda wamening'inia nyuma ya malori. Kila kona ya Bugarama ina mtu pembeni, ana baiskeli, ana beseni kichwani, au ni mtoto anatoka shule. Hao hawana habari na puli yako.

Kuna jambo jingine. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi tuliyoyanunua yamepitia Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia. Ukitaka kulipita lori mlimani, wewe dereva umekaa upande wa kingo, huoni kinachokuja mbele mpaka gari lote limeshachomoza. Dereva mwenye injini dhaifu hujua udhaifu wake, anavumilia nyuma ya lori. Dereva aliyeongezewa nguvu kidogo, kidogo tu, anajaribu. Mara tisa anapita. Mimi naiogopa mara ya kumi.

Sisemi kwamba kila anayebadilisha puli ni mjinga. Mtu mwenye gari la mapenzi yake, halibebi abiria wala mzigo, rejeta nzima, petroli anaijua inakotoka, ana geji ya shinikizo, ana fundi anayejua kusikiliza mgongo wa injini, na ameiweka akiba puli ya kwanza ili airudishe ikibidi: huyo afanye, ni pesa yake. Anayeishi juu, Kayanza au Muramvya, asiyeshuka mara kwa mara kwenye joto la Imbo, ana hoja kunishinda mimi. Lakini anayetoka Kigoma kwa njia ya Manyovu kisha akafuata ufukwe wa Rumonge, au anayekwenda na kurudi Gatumba, mlima wenyewe anaoununulia puli uko wapi?

Kijana nilimwambia hivi. Kabla ya kuongeza nguvu, rudisha zilizopotea. Fungua chujio la hewa ulione, usikute limejaa udongo wa Ngozi. Badilisha plagi. Angalia mkanda wa supachaja kama unateleza, maana kwenye gari la umri ule huenda unazidai nguvu 20 ambazo zimelala tu kwa sababu ya mkanda uliochoka. Kwenye Estima injini imelazwa chini ya viti vya mbele, na vifaa vya mikanda viko mbele, vinazungushwa na shafti inayotoka kwenye injini. Kwa sababu ya kujificha huko watu hawaviangalii mpaka vilie. Safisha rejeta. Jaza tairi upepo unaostahili. Punguza gunia moja. Halafu pesa iliyobaki, nunua pedi za breki na mafuta mapya ya breki, kwani ya zamani hunyonya maji, na yakichemka mteremkoni pedali inazama kama mguu kwenye tope. Na shuka kwa gia uliyopandia.

Hakufurahi. Nilimwona usoni. Puli inaonekana, pedi za breki hazionekani. Huwezi kumwita rafiki aje atazame mafuta yako ya breki. Akasema wenzake wote wanapanda haraka kumshinda. Nikamwambia wenzake wote hawana watu tisa wanaolishwa na Estima moja.

Ijumaa aliirudisha ile puli. Tulipolifungua gari tulikuta mkanda una nyufa na chujio limekuwa jeusi. Tumebadilisha vyote viwili, na breki za mbele. Bugarama haijawa tambarare. Malori mawili matatu bado yanampita. Lakini Jumatatu alipanda na kushuka, na jioni nilimwona akipakua viazi vyake akiwa salama, huku akilalamika bei ya kabichi imeshuka.

Kwa wenye mamlaka ya kukagua magari nina ombi moja: mnapotusimamisha, tazameni breki na uzito wa mzigo kabla ya karatasi. Na kwa wenzangu wa mpakani na mliorejea na mtaji mmoja tu mkononi: mtaji huo msiutie kwenye kitu cha kung'aa. Wahenga waliposema mpanda ngazi hushuka hawakuwa na gari, lakini Bugarama walikuwa wameshaijua.